Picha za ramani za mtandaoni ni mkeka wa siku nyingi

MNUNUZI wa ploti aliye mbali na nyumbani ana desturi moja ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Kabla ya kutuma hata shilingi moja, hufungua ramani ya mtandaoni katika simu yake, huchagua picha za setilaiti, kisha huanza kushuka kutoka angani: dunia nzima, bara la Afrika, Kenya, Kaunti ya Kajiado, mji wa Kitengela, na mwishowe kipande cha ardhi anachouziwa. Akiona nyasi tupu na ua wa michongoma, moyo wake hutulia. Ardhi haina mtu. Dalali amesema kweli.

Nduguye anapofika mahali pale kwa miguu, hupokewa na mbwa anayebweka langoni. Ndani ya ua pana nyumba ya mawe, wapangaji, na nguo zilizoanikwa kambani.

Dalali hakuigusa ramani, na ramani yenyewe haikutunga uongo. Ilichomwonyesha mnunuzi ni picha ya kweli ya mahali pale, lakini ya siku iliyokwisha kupita, iliyounganishwa na picha za siku nyingine nyingi hadi zote zikaonekana kama kitu kimoja kilichopigwa kwa mpigo mmoja. Laiti angefahamu jinsi picha hizo zinavyoundwa, angeuliza swali moja zaidi kabla ya kufungua mkoba: hii ilipigwa lini?

Swali hilo lina uzito katika nchi ambamo ardhi huvunja undugu na kujaza mafaili mahakamani. Jibu lake limo katika namna picha za setilaiti na za ndege zinavyochanganywa, kila moja ikipewa nafasi yake kulingana na jinsi mtumiaji alivyo karibu au mbali na ardhi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa

Hadi mwishoni mwa karne ya 20, picha za ardhi kutoka juu zilikuwa mali ya majeshi, idara za upimaji na watafiti. Nchini Kenya, ndege za Jeshi la Anga la Uingereza zilipiga picha za sehemu kubwa za nchi katika miaka ya mwisho ya 1940, ili wachora ramani wa serikali ya kikoloni wapate pa kuanzia. Mwananchi ambaye shamba lake lilikuwa ndani ya picha hizo hakuwa na njia ya kuziona.

Mambo yalianza kubadilika Septemba 1999, setilaiti ya kibiashara ya IKONOS iliporushwa nchini Marekani. Ilikuwa ya kwanza kuuzia umma picha zilizoweza kubainisha vitu vyenye ukubwa wa takriban mita moja. Mwaka wa 2001 kampuni ya Keyhole iliundwa huko California. Programu yake ilimwezesha mtu kuruka juu ya dunia akiwa ameketi mbele ya tarakilishi. Google iliinunua kampuni hiyo mwaka wa 2004. Februari 2005 ikazindua Google Maps, Aprili ikaongeza picha za setilaiti, na Juni ikatoa Google Earth. Microsoft na kampuni nyingine zikafuata mkondo huo huo.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na picha moja ya dunia yenye kila kitu. Picha ya aina hiyo haipo. Kamera yenye upeo mpana hupoteza undani, nayo inayoona undani huona ukanda mwembamba tu. Setilaiti ya Landsat huona ukanda wa upana wa kilomita 185, lakini nukta moja ya picha yake ya rangi hufunika mita 30 kwa 30. WorldView-3, iliyorushwa Agosti 2014, hubainisha sentimita 31, ila ukanda wake una upana wa kilomita 13 tu.

Basi waundaji wa ramani hizi hufanya kazi inayofanana na ya msukaji mikeka wa Pwani. Yeye husuka shupatu moja moja, kisha huzishona pamoja hadi mkeka ukaenea chumba. Tofauti ni kwamba shupatu za ramani zimesukwa na mafundi mbalimbali, kwa ukindu wa aina mbalimbali, katika miaka isiyolingana.

Piramidi ya vigae

Mtu anapofungua ramani katika rununu, hapokei picha nzima. Kioo chake ni kidogo na mtandao una mwendo wake. Kwa hiyo picha hukatwa mapema kuwa vipande vya mraba vinavyolingana, ambavyo hufananishwa na vigae. Kwa desturi, kila kigae kina nukta 256 kwa upana na 256 kwa urefu. Nukta hizo, ziitwazo pia pikseli, ndizo chembe ndogo kabisa za picha. Kila moja ina rangi moja tu.

Vigae hupangwa kwa ngazi. Katika ngazi ya sifuri, dunia nzima imo ndani ya kigae kimoja. Ngazi ya kwanza ina vigae 4, ya pili 16, na kila ngazi inayofuata huzidisha idadi hiyo kwa nne. Ngazi ya 10 ina vigae zaidi ya milioni 1. Ya 15, zaidi ya bilioni 1. Na ya 20, takriban trilioni 1.1. Ndiyo maana mpangilio huo huitwa piramidi: kilele chake ni kigae kimoja, na kitako chake kina vigae visivyohesabika kwa macho. Kadiri nambari ya ngazi inavyoongezeka, ndivyo mtumiaji anavyoikaribia ardhi.

Kila ngazi ina kipimo chake. Kwenye ikweta, ambayo hupita nchini Kenya, nukta moja ya ngazi ya sifuri hufunika zaidi ya kilomita 156, karibu umbali wa barabara kutoka Nairobi hadi Nakuru. Katika ngazi ya 10 nukta moja hufunika mita 153. Katika ngazi ya 13 ni mita 19, ya 18 ni sentimita 60, na ya 20 ni sentimita 15.

Kipimo anachokielewa Mkenya kwa urahisi zaidi ni ploti ya futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Katika ngazi ya 10, nukta moja humeza ploti 50 kama hiyo. Katika ngazi ya 20, kigae kimoja kina upana wa mita 38, hivyo kinaweza kuibeba ploti nzima na nafasi ikabaki.

Simu huomba vigae vya mahali na vya ngazi inayohitajika tu. Mtumiaji anapotanua vidole juu ya kioo, vigae vya ngazi ya mbali huondolewa na vya karibu huletwa. Hiyo ndiyo sababu ya ule ukungu wa sekunde chache kabla ya picha kutulia, hasa mahali penye mtandao hafifu.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kushuka ngazi ni kuisogelea picha ile ile, kama mtu anayekaribia ukuta. Ukweli ni kwamba katika ngazi fulani picha hubadilishwa. Vigae vya mbali vimetoka kwa setilaiti moja, vya karibu kwa nyingine, na vya karibu zaidi pengine vimetoka kwa ndege. Mtumiaji huvuka kutoka mwaka mmoja hadi mwingine bila kuonyeshwa mpaka wowote.

Ngazi za mbali: Saa nne asubuhi, bila mawingu

Kilele cha piramidi hakihitaji undani mwingi. Mwaka wa 2002 shirika la Marekani la safari za anga za juu, NASA, lilitoa picha ya dunia iitwayo Blue Marble, iliyounganishwa kutokana na miezi kadhaa ya kazi ya kamera ya MODIS. Kwa anayetaka kuona mabara na bahari, picha ya aina hiyo inatosha.

Anapokaribia kiwango cha nchi na kaunti, zamu huwa ya setilaiti kama Landsat za Marekani na Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya. Landsat ya kwanza ilirushwa Julai 23, 1972. Landsat 8 iliyorushwa mwaka wa 2013 na Landsat 9 ya mwaka wa 2021 huzunguka dunia katika kimo cha kilomita 705, na kila moja hurudi juu ya mahali pale pale baada ya siku 16. Sentinel-2, ambayo ya kwanza ilirushwa mwaka wa 2015, ina nukta za mita 10, na mbili zikishirikiana hurejea kila baada ya siku tano.

Jambo lililozifanya picha hizo zifae kwa ramani za umma ni uamuzi wa kisera uliofanywa mwaka wa 2008, Marekani ilipoanza kutoa picha za Landsat bila malipo. Picha za Sentinel-2 nazo hutolewa bure.

Landsat hupita juu ya kila nchi mwendo wa saa nne asubuhi kwa saa za mahali hapo. Wakati huo jua limepanda vya kutosha, na mawingu ya mchana yangali hayajakusanyika. Kwa hiyo mtu anaweza kuitazama Kenya nzima katika ngazi hizo asikute jioni wala usiku popote. Ni asubuhi kutoka Vanga hadi Lokichoggio.

Hata hivyo, asubuhi njema haitoshi kuyashinda mawingu ya Mlima Kenya, Aberdare au Kericho. Dawa yake ni kukusanya picha nyingi za mahali pamoja zilizopigwa siku mbalimbali, kisha kuichunguza kila nukta peke yake. Nukta iliyofunikwa na wingu huwa nyeupe kupita kiasi. Iliyo chini ya kivuli cha wingu huwa nyeusi kupita kiasi. Tarakilishi huzipanga rangi zote za nukta hiyo, huweka kando zilizovuka mpaka, na huchagua iliyo katikati. Nukta ya jirani inaweza kuchaguliwa kutoka siku nyingine kabisa.

Mwaka wa 2013 Google ilitumia mbinu ya aina hiyo kutoa picha ya dunia isiyo na mawingu kutokana na Landsat 7, na mwaka wa 2016 ikairudia kwa kutumia Landsat 8. Badiliko hilo la pili lilisaidia kwa sababu kifaa kimoja cha Landsat 7 kilikuwa kimeharibika Mei 2003, na tangu hapo picha zake zilikuwa na mistari mitupu.

Uzuri huo una gharama yake. Maji ya Ziwa Nakuru yalianza kupanda kuanzia mwaka wa 2010, na baadaye yakameza lango kuu la mbuga pamoja na baadhi ya afisi. Picha iliyochanganya nukta za miaka kadhaa ya kipindi kama hicho inaweza kuonyesha ufuo uliosimama katikati, ufuo ambao huenda haukuwepo siku yoyote. Inapendeza kwa kutazamwa, lakini mkulima aliyezamiwa na shamba hawezi kuitumia kuthibitisha tarehe ya hasara yake.

Ngazi za karibu: Kamera za kulipiwa

Nukta ya Landsat yenye mita 30 kila upande hufunika karibu ploti mbili za futi 50 kwa 100. Hapo hapana nyumba, hapana ua, hapana mti. Pana rangi moja tu ya wastani wa vyote vilivyomo. Sentinel-2 huigawa ploti moja kwa nukta nne au tano. Ili paa lionekane, ni lazima kugeukia setilaiti za kibiashara.

WorldView-3 iko katika kimo cha kilomita 617. Setilaiti za Pléiades Neo za kampuni ya Airbus, zilizoanza kurushwa mwaka wa 2021, hubainisha sentimita 30. Kwa ukali wa kiwango hicho, ploti ile ile hupata takriban nukta 5,000. Mabati hutofautiana na vigae vya paa, na gari hutambulika kuwa gari.

Lakini hata ndani ya picha moja ya setilaiti kuna mchanganyiko. Kamera inayoona kwa ukali wa sentimita 31 katika WorldView-3 haioni rangi; huona mwanga na giza pekee. Kamera ya rangi huona kwa ukali wa mita 1.24. Picha hizo mbili hulazwa moja juu ya nyingine, ile isiyo na rangi ikitoa mistari na ile ya rangi ikipaka. Kwa hesabu hiyo, nukta moja ya rangi hugawiwa nukta 16 za mwanga. Wekundu wa paa dogo huweza kuambaa kidogo hadi uani kwa sababu hiyo.

Sheria nayo ina mkono wake. Hadi mwaka wa 2014, kampuni za Marekani hazikuruhusiwa kuuzia wateja wa kawaida picha zenye ukali unaozidi sentimita 50. Mwaka huo serikali iliteremsha kiwango hicho hadi sentimita 25.

Chini ya hapo huja ndege. Ndege iliyofungwa kamera tumboni huruka chini sana kuliko setilaiti, na inaweza kubainisha sentimita 15 au chini yake. Huenda na kurudi angani kama trekta shambani, na kila picha huingiliana na inayofuata, kwa kawaida kwa takriban asilimia 60, ili pasiachwe pengo na ili kimo cha majengo kiweze kukadiriwa. Kwa ukali wa sentimita 15, ploti ya futi 50 kwa 100 hupata zaidi ya nukta 20,000.

Miji mingi ya Marekani na Ulaya inayoonekana kwa undani wa kushangaza ilipigwa picha na ndege, ingawa kitufe cha ramani huiita setilaiti. Neno hilo limebaki kwa mazoea. Sehemu kubwa ya Afrika bado hutegemea setilaiti za kibiashara, kwa kuwa ndege huhitaji mafuta, marubani, siku nyingi zenye anga safi na kibali cha nchi inayopigwa picha. Setilaiti hupita juu ya mipaka bila kubisha hodi.

Pale ambapo hakuna picha kali zaidi, ramani haina la kuongeza. Mtumiaji akiendelea kutanua vidole, nukta zile zile huvutwa zikawa kubwa na picha ikafifia. Programu nyingine humzuia tu asishuke zaidi.

Mshono unaofichwa

Picha mbichi haiwezi kulazwa juu ya ramani jinsi ilivyo. Kilele cha kilima kiko karibu na kamera kuliko bonde, kwa hiyo huonekana kimesogea kutoka mahali pake. Ili kulirekebisha hilo, mafundi huhitaji kujua kimo cha kila sehemu ya ardhi. Hazina kuu ya vimo hivyo ilipatikana Februari 2000, chombo cha Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku 11 kikipima sura ya nchi kwa rada. Kwa vipimo vya aina hiyo, kila nukta husukumwa hadi ilipostahili kuwa.

Hata baada ya kazi hiyo, makosa hubaki. Vipimo hivyo ni vya ardhi, havijui kila daraja na kila jengo. Daraja refu huweza kuonekana limepinda na kuyeyukia bondeni. Jumba la ghorofa nyingi katikati ya Nairobi huonekana limelala upande, kwa sababu setilaiti ililitazama kwa pembe. Paa lake huwa mita kadhaa kutoka ulipo msingi, na anayepima umbali kutoka ukingo wa paa hujidanganya.

Kisha huja kazi ya rangi. Picha ya Machi, mvua zikiwa bado, huwa na ardhi ya kahawia. Ya Mei huwa ya kijani. Tarakilishi husawazisha rangi ili jicho lisishtuke, lakini mshono haufi. Anayetazama kwa makini ataona barabara inayobadilika rangi ghafla, shamba moja lenye nusu mbichi na nusu kavu, au lori lililokatwa katikati. Kila alama ya aina hiyo ni ushahidi kwamba siku mbili zimekutana hapo.

Nani huonekana vizuri, nani huachwa

Picha za setilaiti za kibiashara hununuliwa, na mnunuzi huanza na mahali penye watu wengi, biashara nyingi na watumiaji wengi wa ramani. Ndiyo sababu miji mikubwa husasishwa mara kwa mara, ilhali maeneo yenye watu wachache huweza kukaa na picha nzee kwa miaka. Mahali pakiwa na ukungu kwenye ramani, haimaanishi kwamba hapana kitu.

Uamuzi wa kuweka picha kali unaweza kuwa mzito kuliko biashara. Mwaka wa 2007, makumbusho ya mauaji ya halaiki yaliyoko Washington yalishirikiana na Google kuweka katika Google Earth picha na taarifa za Darfur nchini Sudan, zikionyesha zaidi ya vijiji 1,600 vilivyoharibiwa au kuteketezwa. Katika picha za nukta ya mita 30, boma lililochomwa ni doa tu. Katika picha kali, kila duara la kuta zilizobaki lilionekana wazi.

Kuonekana pekee nako hakutoshi. Mapaa ya mabati ya Kibera yalikuwa bayana katika picha za setilaiti, lakini mtaa huo ulikuwa kama pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi mwaka wa 2009, vijana wakazi wa mtaa huo walipoanza kuzunguka vichochoroni na vifaa vya GPS, wakiandika zilipo shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Kamera ya angani iliona paa, lakini haikujua kwamba chini yake kuna shule.

Ploti, mpaka na sheria

Kwa mwenye ardhi, jambo la hatari zaidi ni kuitumia picha kama kamba ya kupimia. Mistari inayochorwa juu ya picha na picha yenyewe hutoka kwa watu tofauti, na picha inaweza kuwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali pake halisi. Kwenye ramani ya kaunti, mita tano si kitu. Kwenye ploti yenye upana wa mita 15, mita tano ni theluthi nzima: ni njia ya gari, ni choo cha jirani, ni kesi.

Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 yenyewe hutambua kwamba hata ramani rasmi za sajili huonyesha mipaka kwa kukadiria, isipokuwa pale ambapo mipaka imethibitishwa na kuandikwa kuwa ya kudumu. Sheria hiyo humkabidhi msajili wa ardhi kazi ya kwanza ya kutatua utata wa mpaka, na huizuia mahakama kusikiza mzozo wa aina hiyo kabla ya hatua hiyo kutimizwa. Ikiwa ramani ya serikali iliyopigwa muhuri ina kadirio ndani yake, picha ya simu haiwezi kupewa heshima inayoizidi.

Jinsi ya kuitambua siku

Mtumiaji asiye mtaalamu ana njia za kujilinda. Kwanza, asidanganyike na mwaka ulioandikwa pembeni mwa ramani karibu na majina ya kampuni. Mwaka huo ni wa hakimiliki. Si tarehe ya kupigwa kwa picha. Google Earth huonyesha tarehe ya picha inayotazamwa, au angalau kipindi chake, na tangu mwaka wa 2009 imekuwa na sehemu ya picha za zamani inayomruhusu mtu kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka.

Pili, atafute alama ambazo tarehe zake zinajulikana. Picha ya Barabara ya Mombasa isiyo na nguzo za Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka wa 2022, ilipigwa kabla ya ujenzi huo kufika hapo. Picha ya Mbuga ya Nairobi isiyo na daraja refu la SGR ni ya kabla ya awamu ya reli iliyofunguliwa Oktoba 2019. Kila mtaa una alama zake: soko jipya, kanisa lililoezekwa upya, lami iliyokuja mwaka fulani. Wenyeji huzijua kuliko kampuni yoyote.

Tatu, atazame mahali pamoja katika ngazi kadhaa. Nyumba iliyopo akiwa karibu na isiyokuwepo akirudi nyuma haijabomolewa. Amevuka tu kutoka picha moja hadi nyingine. Pia alinganishe ramani za kampuni mbili, kwa maana si lazima zitumie picha za siku moja.

Picha hizi zina manufaa yasiyokanika. Kwa kutumia kumbukumbu za Landsat, mtu anaweza kufuata jinsi Msitu wa Mau ulivyopungua tangu miaka ya 1980, jambo ambalo zamani lilihitaji maktaba na kibali. Mzee anaweza kumwonyesha mjukuu ulikopita mto kabla ya kuhamisha njia yake. Mnunuzi aliye ughaibuni anaweza kujua kama ploti iko bondeni, kama kuna barabara, na kama mto uko karibu kuliko alivyoambiwa.

Lakini baada ya kuyaona yote hayo, bado atahitaji kufanya utafutaji rasmi katika sajili ya ardhi, kumlipa mpimaji mwenye leseni, na kumtuma nduguye akasimame penye ua ule wa michongoma. Ni afadhali mbwa abweke kabla ya pesa kutumwa.